KWA NINI WIMBO WA KOMPYUTA HUKUMBUKWA?
Somo la sauti, hesabu na kumbukumbu kutoka mitaa ya Dar es Salaam

Mtu apitaye Kariakoo asubuhi, katika mitaa ya Kongo, Aggrey na Msimbazi, husikia aina mbili za sauti zinazorudiwarudiwa. Ya kwanza ni ya mchuuzi. Amerekodi sauti yake mara moja tu katika kipaza sauti kidogo, akitaja bei ya shati au ya sahani, kisha amekiacha chombo hicho kiitangaze bei mchana kutwa bila yeye kufungua kinywa. Ya pili ni ya muziki utokao katika maduka ya simu na vifaa vya umeme. Mara nyingi muziki huo ni singeli, muziki wa mwendo mkali uliozaliwa katika mitaa ya jiji hilo hilo na kutengenezwa kwa kompyuta.

Sauti zote mbili ni marudio. Tangazo la mchuuzi lenye urefu wa sekunde 5 hurudiwa mara 12 kwa dakika. Kipande cha ngoma chenye mapigo manne, katika singeli inayokwenda mapigo 240 kwa dakika, huchukua sekunde 1 tu. Kwa hiyo hurudiwa mara 60 kwa dakika. Muziki, basi, hurudia mara tano zaidi ya tangazo. Hata hivyo mnunuzi arudipo nyumbani Magomeni au Temeke hulikumbuka tangazo kwa kero tu, ilhali wimbo humfuata hadi jikoni, naye akaupiga mluzi bila kujua. Kwa nini marudio ya namna moja huchosha, na ya namna nyingine hukaa moyoni?

Swali hili ni la sayansi. Kulijibu kwahitaji fizikia kidogo, hisabati kidogo, na kujua namna akili ya binadamu ihifadhivyo mambo. Jibu lake lina manufaa pia kwa wale wanaodhani kwamba muziki wa kompyuta hujitengeneza wenyewe.

SAUTI INAVYOGEUZWA KUWA TARAKIMU

Sauti ni mtetemo wa hewa. Ngozi ya ngoma inapopigwa husukuma hewa na kuivuta, na msukumo huo husafiri hadi kwenye kiwambo cha sikio. Sikio la kijana mwenye afya husikia mitetemo kuanzia 20 hadi 20,000 hivi kwa sekunde. Mitetemo michache hutoa sauti nzito, na mingi hutoa sauti nyembamba.

Katika santuri mtetemo huo huchorwa kama mfereji wenye mawimbi. Katika kanda huandikwa kwa nguvu ya sumaku. Kompyuta haihifadhi wimbi lenyewe. Huhifadhi tarakimu. Kwa hiyo hulipima wimbi mara nyingi sana katika kila sekunde na kuandika kila kipimo. Kipimo kimoja huitwa sampuli. Ili mtetemo fulani uweze kurudishwa bila kupotoshwa, upimaji sharti uzidi maradufu ya idadi ya mitetemo yake. Kwa kuwa sikio hufikia mitetemo 20,000, upimaji lazima uzidi mara 40,000 kwa sekunde. Ndiyo sababu sahani za sidii, zilizoanza kuuzwa mwaka 1982, hutumia sampuli 44,100 kwa sekunde.

Kila sampuli huandikwa kwa biti 16, yaani tarakimu 16 ambazo kila moja ni 0 au 1. Biti 16 hutoa ngazi 65,536 za kupimia nguvu ya sauti. Kwa spika mbili, hesabu ni hii:

44,100 × 16 × 2 = biti 1,411,200 kwa sekunde.

Wimbo wa dakika 4, yaani sekunde 240, huwa na biti 338,688,000, ambazo ni kama megabaiti 42. Wimbo huo huo ukibanwa kwa mtindo wa MP3 wa biti 128,000 kwa sekunde hubaki na megabaiti 3.84, yaani sehemu moja tu kati ya kumi na moja. Kwa hesabu hiyo flashi ndogo ya gigabaiti 4 hubeba nyimbo zaidi ya 1,000. Hapo ndipo ilipo siri ya muziki wa mitaani kusambaa upesi: wimbo waweza kutoka studio hadi kwenye daladala ukiwa mfukoni mwa mtu.

Inafaa kutaja kwamba neno "biti" lina maana mbili. Kwa mwalimu wa kompyuta ni tarakimu moja ya 0 au 1. Kwa vijana wa studio ni muziki mtupu unaotengenezwa kabla mwimbaji hajaingiza sauti yake. Katika makala haya, biti ni ile ya mwalimu.

KUTOKA MAABARA HADI MTAANI

Kompyuta zilianza kutoa muziki zikiwa bado mashine za kujaza chumba kizima. Mwaka 1951 shirika la BBC lilirekodi nyimbo fupi zilizopigwa na kompyuta iliyokuwa katika jiji la Manchester, Uingereza. Mwaka 1957 mhandisi Max Mathews, wa maabara za Bell nchini Marekani, aliandika programu iliyoiwezesha kompyuta kutoa muziki wa sekunde 17. Kazi ya namna hiyo ilihitaji saa nyingi za mashine yenye gharama kubwa mno.

Hatua mbili za baadaye ziliuleta ufundi huo karibu na watu wa kawaida. Mwaka 1983 watengenezaji wa vinanda vya umeme walikubaliana kuhusu lugha moja ya kuviunganisha vyombo vyao na kompyuta, iitwayo MIDI. Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1990, programu ya FruityLoops ilitolewa nchini Ubelgiji; baadaye iliitwa FL Studio. Katika programu hiyo fundi huona mistari ya visanduku. Kila mstari ni chombo, na kila kisanduku ni nafasi ya wakati. Akijaza kisanduku, ngoma hulia. Akikiacha wazi, hukaa kimya. Mchoro ukifika mwisho huanza upya. Mafundi huuita mzunguko huo lupu.

Dar es Salaam iliyapokea mambo haya ikiwa tayari na desturi zake za muziki. Katika miaka ya 1970 na 1980 bendi za dansi zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam, wanamuziki wote wakipiga kwa pamoja. Wimbo wa dansi aghalabu ulikuwa na sehemu mbili: ya kwanza taratibu, yenye mashairi na kisa, ya pili ya haraka, iliyoitwa chemko, ambapo magitaa na tarumbeta ziliwainua wachezaji vitini. Katika mitaa ya watu wa kipato kidogo ulikua pia mchiriku, uliounganisha ngoma na vinanda vidogo vya Casio vilivyopigwa kupitia vipaza sauti hadi sauti ikakwaruza. Taarabu nayo ilisikika katika harusi na sherehe za akina mama.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 studio za kompyuta zilijenga muziki wa Bongo Fleva. Miongoni mwa watayarishaji waliojulikana sana walikuwa P-Funk Majani wa Bongo Records, Master J wa MJ Records, na Miika Mwamba, aliyetoka Finland. Waimbaji walizoea kumtaja mtayarishaji au studio yake ndani ya wimbo wenyewe. Desturi hiyo ndogo ina maana kubwa, kama itakavyoonekana mwishoni.

Baada ya hapo ikaja singeli. Mafundi wa mitaa kama Tandale, Manzese na Mburahati walichukua vipande vya muziki wa taarabu na mchiriku, wakaviongeza mwendo na kuvirudiarudia ili waghani waghani juu yake katika sherehe za mitaani. Msaga Sumu na Man Fongo, mwimbaji wa "Hainaga Ushemeji" wa mwaka 2016, waliifanya singeli isikike redioni nchi nzima. Huko Mburahati, studio ya Sisso ilikusanya watayarishaji ambao kazi zao zilitolewa mwaka 2017 katika albamu ya "Sounds of Sisso", kupitia kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, Uganda. Zilifuata "Poaa" ya Bamba Pana mwaka 2018, kisha "Tatizo Pesa" ya Jay Mitta na "Uingizaji Hewa" ya Duke mwaka 2019. Mwaka 2022 DJ Travella alitoa "Mr Mixondo", na mwaka 2024 Sisso na Maiko walitoa "Singeli Ya Maajabu". Kazi hizi zimechezwa katika kumbi za Ulaya na watu wasiojua neno moja la Kiswahili.

MWENDO NA SIKIO

Singeli huenda kati ya mapigo 200 na 300 kwa dakika. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kati ya mara 60 na 100. Wazee waliozoea dansi husema kwamba singeli ni chemko lisilo na utangulizi, na usemi huo u karibu sana na ukweli.

Mwendo huo hubadili sauti kwa njia mbili. Kwanza, kipande kilichorekodiwa kikichezwa kwa kasi zaidi, mitetemo yake huongezeka kwa kiwango kile kile. Taarabu ya mapigo 120 ikipelekwa hadi 180 imeongezwa mara 1.5, noti yenye mitetemo 440 kwa sekunde itakuwa na 660. Mwanakwaya atatambua kwamba noti imepanda kutoka do hadi so. Hii ndiyo sababu fidla na sauti za watu katika singeli nyingi husikika nyembamba, kama zinakimbizwa. Kompyuta yaweza pia kuongeza mwendo bila kupandisha noti, kwa kuikata sauti katika vipande vidogo mno na kuvipanga upya kwa kupandanisha ncha zake. Fundi, basi, ana hiari: kuiacha sauti ipande, au kuizuia.

Pili, mwendo huo unalikaribisha sikio kwenye mpaka wa ajabu. Katika mapigo 300 kwa dakika, pigo moja huchukua sekunde 0.2. Fundi akiligawa pigo hilo mara nne, ngoma hulia kila baada ya sekunde 0.05, yaani mara 20 kwa sekunde. Msomaji atakumbuka kwamba 20 ndiyo idadi ndogo kabisa ya mitetemo ambayo sikio huisikia kama noti. Chini ya hapo husikika mgongo mmoja mmoja. Juu ya hapo migongo huungana ikawa mvumo. Singeli yenye kasi kubwa hucheza mpakani hapo: msikilizaji hasikii kwa hakika kama ni ngoma nyingi au sauti moja inayonguruma. Msisimko wake hautokani na makelele peke yake. Unatokana na sikio kujaribu kuchagua.

MAMBO MATATU YAFANYAYO WIMBO UKUMBUKWE

Sasa yawezekana kurudi kwenye swali la Kariakoo.

Jambo la kwanza ni marudio yenye badiliko. Akili husikiliza kwa kubashiri: ikisikia kipande mara chache, huanza kungojea kinachofuata. Tangazo la mchuuzi halina jipya; ubashiri hutimia kila mara, na akili huacha kusikiliza. Fundi hodari huujenga ubashiri kisha huuvunja kidogo. Aweza kuondoa pigo moja, au kuukata muziki wote kwa nusu sekunde na kuurudisha. Aweza pia kuweka lupu mbili zenye urefu usiolingana. Lupu ya mapigo 3 na ya mapigo 4 zikianza pamoja, hukutana tena baada ya mapigo 12. Katika mwendo wa 240 hizo ni sekunde 3 kamili: muda wa kutosha akili ipotee kidogo, na mfupi wa kutosha irudi kwa furaha. Wapigaji wa ngoma za pwani na bara walilijua jambo hili kwa mikono kabla ya kompyuta kuwapo.

Jambo la pili ni rangi ya sauti. Watu wawili wakiimba noti moja kwa nguvu moja, bado hutofautishwa, kwa sababu kila sauti huambatana na mitetemo mingine midogo yenye mpangilio wake. Mwaka 1999 Glenn Schellenberg na wenzake walichapisha jaribio ambalo wasikilizaji walipewa majina ya nyimbo tano maarufu na kusikilizishwa vipande vyenye urefu wa sehemu moja au mbili tu kati ya kumi za sekunde. Waliweza kuzioanisha nyimbo na majina yake vizuri kuliko mtu abahatishaye. Katika muda huo hakuna nafasi ya kusikia tuni. Kilichotambuliwa ni rangi ya sauti. Hivyo fundi anayeshikilia kinanda chembamba kinachokwaruza, kile kile kilichorithiwa kutoka mchiriku, anaweka saini yake bila kalamu.

Jambo la tatu ni mwili na mahali. Wimbo uliochezwa kwa miguu hushikwa pia na miguu. Mtu aliyeusikia katika sherehe ya mtaani, kati ya jirani zake, akiwa amejibizana na mghani, ana njia nyingi za kuurudia akilini: harakati, nyuso, maneno na mahali. Aliyesikia tangazo la bei ana njia moja tu.

Ni dhahiri kwamba katika mambo haya matatu kompyuta imefanya kazi moja: kurudia kwa uaminifu. Kuchagua kipande, kuamua pigo la kuondoa, kujua ni lini wachezaji wamechoka na wanahitaji kimya cha nusu sekunde, hayo yamefanywa na mtu. Mashine ile ile ikiwekwa mbele ya mtu asiyesikiliza hutoa tangazo la mchuuzi.

WIMBO HUKUMBUKWA, FUNDI HUSAHAULIKA

Wahenga walisema kwamba ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka, na singeli imeambiwa hivyo mara nyingi. Hatari iliyopo, hata hivyo, haitokani na uvumi wake. Inatokana na namna unavyohifadhiwa.

Kanda za Radio Tanzania zilikuwa na maboksi, na maboksi yalikuwa na maandishi: jina la bendi, la wimbo, na tarehe. Wimbo wa kompyuta waweza kupita mikono mia, kutoka flashi hadi simu, ukiwa na jina la "Track 01" au usiwe na jina lolote. Diski ya kompyuta ikiharibika studioni, hupotea lupu zote, sauti za waghani, na uamuzi wote wa fundi. Kinachobaki ni nakala iliyobanwa, ambayo haiwezi tena kufunguliwa na kuchunguzwa. Kadhalika kipande cha taarabu kilichoongezwa mwendo kilikuwa na mpiga fidla wake. Asipotajwa, naye hupotea mara ya pili. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humlinda mtunzi, lakini sheria haiwezi kumlinda mtu asiyejulikana jina.

Ndipo desturi ya waimbaji wa Bongo Fleva ionekanapo kuwa na busara: jina lililoimbwa ndani ya wimbo haliwezi kufutwa na mtu anayenakili. Shule nazo zaweza kusaidia. Klabu ya sayansi iliyo karibu na studio ya mtaani yaweza kumwomba fundi ruhusa ya kuandika habari za kazi zake: jina la wimbo, walioshiriki, tarehe, mwendo kwa mapigo, programu iliyotumiwa, na vipande vilivyoazimwa na vilikotoka. Nakala tatu zihifadhiwe mahali pasipopungua pawili. Kazi hiyo yahitaji daftari, saa yenye mshale wa sekunde, na sikio. Jioni, mchuuzi wa Kariakoo hukizima kipaza sauti chake, na hakuna kinachopotea, kwa kuwa kesho atarekodi bei nyingine. Diski ya fundi wa Mburahati ikizimika bila nakala wala daftari, hakuna awezaye kuirekodi upya.

MAZOEZI

1. Funga kipande cha kadi ngumu kwenye uma wa gurudumu la nyuma la baiskeli ili kiguse spoki. Inua gurudumu na ulizungushe polepole, kisha kwa kasi inayozidi. Eleza ni wakati gani migongo ya kadi inageuka kuwa mvumo. Kama gurudumu lina spoki 36, mzunguko mmoja lazima uchukue sekunde ngapi ili kadi igongwe mara 20 kwa sekunde? (Jibu: 1.8)

2. Sikiliza wimbo wa dansi, wa Bongo Fleva na wa singeli. Hesabu mapigo ya kila mmoja kwa sekunde 15, kisha zidisha kwa 4. Linganisha mwendo wa sehemu ya kwanza ya wimbo wa dansi na ule wa chemko.

3. Wanafunzi wawili wapige makofi kwa mwendo mmoja. Wa kwanza akaze kila kofi la tatu, wa pili kila kofi la nne. Makofi yaliyokazwa yatakutana kila baada ya makofi mangapi? Jaribuni tena kwa 4 na 5, na kwa 4 na 6. Elezeni kwa kutumia kigawe kidogo cha shirika.

4. Chagua wimbo mmoja wa kompyuta unaoukumbuka vizuri. Tafuta jina la aliyeutayarisha. Kama halipatikani, eleza ni hatua ipi katika safari ya wimbo huo iliyolipoteza.